Madawati Ishirini ya Maelewano

Jumatatu, 3 Machi
Namshukuru Mungu kwa kunijalia akili pana kuliko ofisi, kwani ofisi sina. Ijumaa mkaguzi anakuja kuona jinsi wanafunzi wa jamii mbalimbali wanavyoishi pamoja. Mwalimu mkuu ametamka kwamba atakayeng'ara atateuliwa mratibu wa maelewano na kupewa chumba chenye dirisha. Mwalimu wa hisabati, tunayemwita Bwana Rula, tayari amekwenda kukipima. Mpango wangu: kila mwanafunzi wa darasa la saba ataandika kwenye fomu lugha ya nyumbani kwao. Wawili wa lugha moja wakikutwa dawati moja, nawatenganisha. Watavumiliana, watake wasitake!

Jumanne, 4 Machi
Fomu zimerudi. Kumbe darasa langu lina lugha kumi na tisa! Ajabu zaidi: katika madawati ishirini, hakuna hata moja lenye wawili wanaofanana. Sikulazimika kumhamisha mtu. Nimewashukuru wanangu kwa ukweli wao. Waliinamisha vichwa. Unyenyekevu, bila shaka.

Jumatano, 5 Machi
Kasoro moja. Wanafunzi ni arobaini na mmoja. Amebaki binti aliyehamia mwezi uliopita, ambaye lugha yake hakuna anayeijua. Hukaa nyuma kwenye kiti, peke yake. Nimeamua kwamba saa ya ukaguzi atakuwa maktaba akipanga vitabu, ili darasa lionekane limekamilika. Nilipomweleza, aliitika, "Sawa, mwalimu," bila kuniuliza sababu. Mtoto wa adabu. Chakula cha mchana hakikushuka vizuri. Nadhani ni maharage.

Ijumaa, 7 Machi
Mkaguzi ameingia. Binti hakuwa maktaba! Alikuwa dawati la mbele, kati ya kiranja na rafiki yake, watatu wamebanana kama vidole. Mkaguzi akauliza ni nani aliyewafundisha kupendana hivi. Nikakohoa kwa staha. Kiranja akaniwahi.

"Mheshimiwa, zile fomu tulijaza uongo. Tungesema kweli, mwalimu angetutenganisha na marafiki zetu. Huyu tulisahau kumshirikisha katika mpango wetu, akaachwa peke yake. Kosa ni letu, ndiyo maana tumemfuata maktaba."

Binti akaongeza kwa sauti ndogo kwamba sasa anajua kusema "sogea huko" kwa lugha sita. Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akafuta macho. Mlangoni, Bwana Rula akaninong'oneza, "Pole, ndugu yangu, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Jumatatu, 10 Machi
Chumba wamepewa darasa la saba kwa mikutano yao. Mimi ni mlezi, maana yake natunza ufunguo. Bwana Rula hakupata kitu, nashukuru. Binti naye amekuja kunishukuru. Amesema tangu ahamie hapa, hakuna aliyewahi kumuuliza kwao wanaongea nini. Fomu ile ilikuwa ya kwanza, na wenzake walipomfuata maktaba, swali lao la kwanza lilikuwa hilohilo: ameandika nini? Nikafuta miwani, ingawa ilikuwa safi.

Basi, jambo jema haliishii kwa watoto. Kesho nagawa fomu kwa walimu. Wa lugha moja hawataketi meza moja. Yangu nimeshaijaza. Nimeandika lugha nisiyoijua hata salamu yake, maana ningeandika ya kweli ningetenganishwa na mwalimu wa sanaa, rafiki yangu wa miaka kumi. Wengine naamini watakuwa wakweli.