Wokovu wa Jumamosi, Ubatizo wa Jumapili

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Siku ya tisa bila Gladness. Siku ya tisa bila Kija. Kamba ya nepi haina kitu. Nimeanika soksi zangu ili majirani wasiulize. Wameuliza.

Niseme ukweli, maana humu hasomi mtu. Kosa si langu. Mama yangu, Bernadeta, Mkatoliki tangu kuzaliwa na mwenyekiti wa jumuiya yake kule Kirumba, alikuja na gauni jeupe la mtoto. Akasema Kija ana miezi mitatu sasa, abatizwe, maana akifariki leo ataenda wapi? Mke wangu, mlokole binti wa mlokole, akajibu kwa heshima zote kwamba mtoto mchanga hana dhambi ya kutubu wala akili ya kuamini. Atabatizwa akikua, akiokoka mwenyewe, kwenye maji mengi. Kisha wote wawili wakanigeukia mimi. Nikasema wote wana haki. Hapo ndipo walipokasirika.

Mama ameapa hakanyagi kwangu mpaka mjukuu abatizwe. Baba mkwe, Mzee Ndalahwa, seremala na mzee wa kanisa huko Buzuruga, alikuja mwenyewe kumchukua binti yake na mtoto. Watarudi, kasema, siku nitakapozaliwa mara ya pili.

Na ndoa tulifunga bomani makusudi, ili asinune mtu! Wakanuna wa pande zote mbili. Wazo lilikuwa langu. Bado naliona zuri.

Nyumba imekuwa kubwa mno. Nawakumbuka. Naandika hivyo hivyo, nawakumbuka.

Jumanne, 8 Agosti

Nimepata!

Nilikuwa kibandani kwangu Mkuyuni nafungua belo la mitumba. (Tangu kiwanda cha pamba kitupunguze kazi, mimi ni mfanyabiashara.) Nikafungua pochi yangu, zikaanguka kadi mbili za chama. Ya chama tawala na ya upinzani. Siku hizi ni vyama vingi! Kwenye mkutano wa hawa nakula pilau, kwenye mkutano wa wale napokea fulana, na hajafa mtu. Kwa nini makanisa yawe magumu kuliko vyama?

Mpango ni huu. Jumamosi hii naokoka, Gladness anarudi. Jumapili ya tarehe 20 nasema nampeleka Kija akamsalimie bibi yake. Anabatizwa misa ya kwanza, saa nne tumerudi nyumbani, kichwa kimeshakauka. Mama kafurahi, Mzee kafurahi, na hakuna anayejua habari za mwenzake.

Mbio mpaka kwa Mama. Kusikia tarehe 20 akapiga vigelegele. Halafu akauliza kama Gladness naye amekubali. Nikasema amekubali sana, ila ana malaria. Akasema atampelekea uji. Nikasema asithubutu, ni malaria ya kuambukiza. Mama amelea watoto saba kando ya ziwa hili. Malaria anaijua.

Jumatano, 9 Agosti

Buzuruga. Nimemkuta Mzee Ndalahwa anapiga randa mlango. Shikamoo baba, marahaba, nimeokoka. Randa ikasimama.

Akauliza lini. Nikasema jana. Saa ngapi? Sikutegemea swali la saa. Nikasema saa kumi. Nilikuwa nafanya nini? Nikasema nauza viatu. Akauliza kama mteja naye aliokoka. Shemeji Ngosha, kaka yake Gladness, alikuwa pembeni anasugua msasa, akacheka kwa pua. Huyu tangu aokoke anaimba sauti ya nne kwaya nzima isisikike, na ndiye anayemsaidia mchungaji kubatiza. Simpendi. Nimesema.

Mzee hakucheka. Kasema wokovu si shati la mtumba la kujaribu ukarudisha. Ijumaa nitoe ushuhuda mbele ya kanisa. Nikieleweka, Jumamosi maji.

Nimeruhusiwa kumshika Kija dakika tano. Amenenepa. Kakamata kidole changu hataki kuachia. Gladness kasimama mlangoni, kaniuliza taratibu kama ni kweli moyoni. Nusura niseme ukweli. Nikasema ni kweli kabisa.

Ijumaa, 11 Agosti

Balaa.

Nilikuwa nimeandaa dhambi tatu za kiasi: uvivu, hasira, na bia siku za mechi. Akatangulia Ngosha kukumbusha alikotolewa. Pombe ya kienyeji! Ngumi! Kuvunja maduka! Kanisa lote haleluya, akina mama wanalia. Ilipofika zamu yangu nikataja uvivu. Mtu akapiga miayo. Nikataja hasira. Nikamwona Ngosha anatabasamu.

Sasa ningefanyaje? Nikasema nilivuta bangi. Haleluya moja. Nikasema nilikuwa mwizi wa ng'ombe.

Haleluya paa nusura ling'oke! Nikaendelea. Ng'ombe saba, nikasema, huko Magu, mwaka 1988.

Baada ya ibada akanifuata Mzee Mayala. Sikuwa namfahamu. Alikuwa kamanda wa sungusungu huko Magu, na mwaka 1988 aliibiwa ng'ombe. Saba. Kanishika mkono, kasema amenisamehe kama Mkristo, ila anataka kujua wako wapi. Nikasema nitakumbuka vizuri nikishabatizwa. Kasema basi kesho atakuwepo.

Nimepita vichochoroni mpaka nyumbani. Sungusungu hawana mchezo na wezi wa mifugo.

Jumamosi, 12 Agosti

Naandika nikiwa mkavu. Nimshukuru Mungu, wa pande zote mbili.

Mahali nilichagua mwenyewe: ghuba ndogo nyuma ya mawe, wala mvuvi hafiki. Mama asingejua maisha. Vazi liwe jeupe, walisema, na kwenye belo zima jeupe lilikuwa moja tu: suti ya karate. Nimevaa. Mkanda mweusi nao nimefunga, maana suruali ilikuwa inashuka.

Tumefika na nyimbo. Ziwa halipo! Juzi palikuwa na maji, leo bustani. Upepo umesukuma magugu maji yote yakajaa ghuba, kijani kitupu na maua ya zambarau juu. Mchungaji akatia fimbo, haikugusa maji. Nikashauri kwa unyenyekevu tuahirishe. Akasema shetani hazuii kazi kwa majani. Twendeni Mwaloni.

Mwaloni! Jumamosi! Saa tatu asubuhi, Mwanza nzima inanunua samaki! Na kila Jumamosi Mama hununua dagaa wake hapo hapo. Nikasema tumbo linaniuma. Ngosha akasema atanibeba.

Tukaingia majini kati ya mitumbwi. Wabeba samaki wametua matenga wanatazama. Mtu akauliza kama ni filamu ya Kichina. Mchungaji kushoto, Ngosha kulia. Ukingoni Mzee Ndalahwa, Gladness na Kija mgongoni, Mzee Mayala na fimbo yake. Nikaulizwa kama naamini. Nikaitika kidogo. Ngosha akasema kwa sauti! Nikapiga kelele ndiyo, nikazamishwa.

Ngosha alinikandamiza kupita kiasi. Nitaapa mbele ya hakimu.

Kuibuka tu, nasikia: “Revocatus! Wewe si ulishabatizwa!”

Mama. Karai la dagaa limemwagika, khanga kaipandisha, anakuja mwenyewe majini. Akamuuliza mchungaji mtoto wake alikuwa na uchafu gani mpaka afuliwe mara mbili. Mzee Ndalahwa akamwamkia vizuri, kisha akasema kwamba kule kubatizwa kwa utotoni hakukuwa ubatizo. Mama akasema ubatizo ni mmoja. Mzee akasema ni mmoja kweli, huu hapa. Soko lote likagawanyika, wachuuzi huku, wabeba mizigo kule, kama mkutano wa kampeni. Mama akamgeukia Gladness, pole na malaria. Gladness akauliza malaria gani. Na Jumapili ya tarehe 20 je? Jumapili gani? Wote wakanitazama. Nilitamani kurudi chini ya maji.

Mzee Ndalahwa akasema Kija habatizwi, atachagua mwenyewe. Mama akaanza kulia. Akasema wamechelewa.

Ikatoka yote hapo. Siku ile ya homa, mwezi wa sita, mimi nikiwa safarini na Gladness amekimbia kutafuta gari, Mama alibaki na Kija peke yake. Mtoto akageuza macho. Mama akachukua maji kwenye birika akambatiza kwa mkono wake. Kanisa lake linaruhusu, mtu yeyote, kifo kikiwa karibu. Hakumwambia yeyote. Aliona aibu kufanya nyuma ya mkwewe, akatumaini padri atamalizia, iandikwe kitabuni, aibu imwishe.

Nikaona ndoa yangu inaelea inakwenda na magugu.

Gladness hakupiga kelele. Alimuuliza baba yake: maji ya birika kwa mtoto asiyejua kitu, ni ubatizo? Mzee akasema hata kidogo, ni kumlowesha. Kwa hiyo mwanangu hajafanywa kitu? Hajafanywa kitu. Akamgeukia Mama: na wewe Mama, ni ubatizo? Mama akafuta machozi, akasema halali kabisa, wala haurudiwi.

“Basi,” Gladness akasema. “Kila mtu ana anachotaka. Naomba niende kwangu.”

Wazee wakatazamana. Kila mmoja akatafuta pa kupinga, asipaone. Gladness akamshika Mama mkono, akamwambia siku ile hukumwachia mwanangu hata nukta moja, hilo nalikumbuka. Mama akalia upya, safari hii vizuri.

Nami nikalia, kwa vile nilikuwa nimelowa haikuonekana. Nikauliza kwa upole, na mimi je? Gladness akasema mimi pia nimeloweshwa tu. Mchungaji, kwa masikitiko, akakubaliana naye.

Mzee Mayala akakumbusha ng'ombe. Gladness akamwambia mume wake anaogopa hata mbuzi. Mzee akanitazama juu mpaka chini, suti, mkanda na yote. Akamwamini papo hapo.

Jumapili, 13 Agosti

Nepi nane kwenye kamba! Nimezihesabu mara mbili.

Mama amekanyaga kwangu. Mzee Ndalahwa amekuja. Wamekula sato sahani moja, wanabishana birika na ziwa, wote wanacheka. Sijawahi kuhema vizuri namna hii.

Gladness kasema hatanisukuma. Nikiokoka nimeokoka, nisipookoka atazidi kuniombea. Ila uongo basi. Nimeapa. Kija alikuwa shahidi, kakamata kidole kile kile.

Jumanne, 15 Agosti

Padri amekubali kumalizia ubatizo wa Kija, kumpaka mafuta na kumwandika kitabuni. Kirumba, Jumapili tarehe 20, misa ya kwanza. Na kanisa la Mzee limepanga kumweka Kija wakfu kwa maombi. Buzuruga, Jumapili tarehe 20, saa nne.

Gladness kasema hakuna shida. Niende kwa wote wawili, niwaeleze wazi, wapange siku tofauti. Kasema yeye na Kija watakwenda kote. Nimeitika. Nimepanda baiskeli.

Lakini njiani nikawaza. Mzee ametulia juu ya maji, sasa umletee habari ya mafuta? Na Mama, aambiwe kwamba kumbe mjukuu anaombewa na wale wale walionizamisha? Wazee wamepumzika. Kwa nini niwasumbue? Misa inaisha saa mbili na nusu. Kutoka Kirumba mpaka Buzuruga kwa baiskeli ni nusu saa, mtoto kifuani. Gladness atatangulia Buzuruga akapange viti. Mafuta nitayafuta kwa leso.

Nimepitia kwa Mama. Nimemwambia asishangae asipomwona Gladness kanisani Jumapili. Ana malaria.