Mfalme wa Gitaa Hahitaji Matangazo

Jumatatu, 3 Machi

Kwako, Mama Watoto,

Mwenye ukumbi ameniita. Jumamosi hii napiga mimi. Viti vikijaa, Jumamosi zote ni zangu. Visipojaa, anampa Kinanda, yule jirani anayepiga kwa kidole kimoja na kutabasamu kwa meno yote. Nimekubali papo hapo. Mimi na gitaa hili, nani wa kutuweza?

Binti yetu anasema eti siku hizi mwanamuziki lazima ajue biashara na kujitangaza. Nikamwambia muziki mzuri unajiuza. Akauliza miaka yote ile uliuzwa na nani. Nikajifanya nakaza nyuzi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechapisha mabango, nisije nikaitwa mkaidi. Mpiga picha alitaka nicheke. Nikakataa, nikatazama mbali kama mtu anayesubiriwa na mataifa. Uso wangu umejaa bango zima! Mchapaji akasema chini pamebaki nafasi ya kitu kimoja tu: mahali au namba ya simu. Namba, nikasema, nikaitaja bila kusita. Kichwa changu bado kinashika!

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika mwenyewe, mtaa mzima. Wewe ulikuwa ukilainisha pembe kwa kiganja, kisha unalipigapiga bango kama mtoto anayelala. Nimefanya vivyo hivyo.

Fundi viatu akauliza nagombea cheo gani. "Kura yangu unayo, mzee, ila utuletee maji." Nikamshukuru.

Alhamisi, 6 Machi

Simu kimya. Kinanda kapita juu ya gari na kipaza sauti, anatangaza onyesho lake la Jumapili: siku, saa, mahali, hata pa kuegesha. Kelele tupu. Mwenye kipaji hutulia.

Ijumaa, 7 Machi

Binti kaingia anahema, bango mkononi. "Baba, hii si namba ya mama?"

Nikaangalia. Ni yako. Ndiyo pekee ninayoijua bila kuangalia. Hata yangu siijui.

Tukaitoa simu yako kabatini, tukaichaji. Ilipowaka ikatetemeka mpaka ikaanguka kutoka mezani. Ujumbe juu ya ujumbe! Mama, mzee anapiga wapi? Saa ngapi? Tuwekee viti vya mbele kama zamani. Wengine hawakuwa na habari kwamba umetutoka. Binti akawapigia wote, mmoja mmoja, akawaambia mahali na saa. Kuna aliolia nao. Mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbi umejaa! Watu wamesimama hadi mlangoni! Nikapiga ule wimbo wako taratibu, hakuna aliyekohoa. Mwenye ukumbi kanikumbatia: Jumamosi zote ni zangu.

Binti akaniangalia, akisubiri niseme neno. Nikamwambia: umeona? Muziki unajiuza.

Jumapili, 9 Machi

Kinanda amekuja kwa adabu zote kuuliza nani ananifanyia biashara. Nikamwambia ni mimi mwenyewe. Habari zikaenda. Sasa mwenye ukumbi ananiomba niwafundishe wanamuziki wenzangu namna ya kujitangaza. Nimekubali! Sijui nitasema nini, lakini suti nimeshaagiza.

Binti kasikia, kacheka mpaka kakaa sakafuni. Kicheko chako kilekile.

Nikumbuke huko uliko, mwenzangu.