Saa ya Huku na Saa ya Kule

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefika kwa bibi kwa likizo. Mji wake na mji wa pili ni pacha. Mpaka wa nchi mbili umekata mtaa mmoja katikati, na katikati kuna geti lenye kizuizi chekundu. Bibi yuko huku, babu yuko kule. Wameachana miaka kumi, na kila mmoja ameapa kutovuka. Jumamosi babu anahamia kwa baba mdogo, safari ya siku mbili kwa basi. Harudi tena.

Nani atawakutanisha? Mimi! Mimi ninayesomeshwa kwa lugha mbili na sina la kusema kwa yoyote.

Jumanne, 4 Agosti

Nimevuka kwa hati ya siku moja. Afisa aliniuliza jina, nikalisahau. Mbeba mizigo wa getini amevaa saa mbili, moja kila mkono. Maringo gani haya!

Nimemwambia babu kwamba bibi anaomba kumwona. Uongo. Alisimamisha cherehani, akauliza mara mbili kama ni bibi mwenyewe aliyesema. Jioni nikamwambia bibi kwamba babu anaomba kumwona. Akasema hana haja naye. Kisha akapiga pasi gauni la kijani.

Wote nimewaambia kesho, getini, saa kumi kamili.

Jumatano, 5 Agosti

Aibu. Saa kumi tulikuwa getini. Babu hayupo. Bibi alisimama dakika tano, akasema, "Twende, mjukuu wangu. Tumeshachekwa vya kutosha."

Mbeba mizigo akanivuta pembeni, akaniambia. Mzee wa cherehani alikuja, alikaa dakika arobaini, akaondoka kichwa chini. Alikuja saa kumi ya kule. Kumbe kule saa zao ziko mbele kwa saa moja! Ndiyo maana hapa hata mtoto husema "saa kumi ya huku" au "saa kumi ya kule". Akaninyooshea mikono yote miwili nijionee.

Bibi hajala. Gauni amelikunja na kulirudisha chini kabisa ya sanduku.

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekiri, kwa barua. Moja nimeiweka chini ya kikombe cha bibi. Nyingine nimempa babu mkononi, nikakimbia. Nimekiri kosa la saa tu. Uongo nimeuacha ulipo.

Nimewaomba waje tena kesho. Babu achelewe kwa saa moja. Bibi awahi kwa saa moja. Pande zote nimezirekebisha. Safari hii haiwezi kuharibika.

Ijumaa, 7 Agosti

Saa tisa, bibi na gauni la kijani. Babu hayupo. Mbeba mizigo aliposikia hesabu yangu alishika kichwa. Ilitosha kurekebisha upande mmoja! Sasa bibi amewahi kwa saa nzima. Nilitamani ardhi inimeze.

Bibi akauliza imebaki muda gani. Nikamwambia, saa moja. Akakaa kwenye benchi la mbeba mizigo.

"Nimekaa miaka kumi," akasema. "Saa moja ndiyo itaniua?"

Babu alikuja. Walisimama, kizuizi katikati yao. Babu akatoa mkasi wa bibi mfukoni, umefungwa kwa kitambaa.

"Niliondoka nao kwa bahati mbaya."

"Uliondoka nao kusudi."

"Kusudi," babu akakubali.

Bibi akaushika mkasi, na mkono wa babu ukiwa bado juu yake. Hakuna aliyeuvuta. Baadaye wakaanza kuulizana nani aliyeomba kuonana. Niliinama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

Jumamosi, 8 Agosti

Babu ameondoka. Bibi amepunguza nyuzi za gauni asubuhi nzima. Hakuna uzi uliobaki wa kupunguza, na mkasi hauweki chini.

Mpango wangu umefaulu kabisa. Sasa zamu ya mama na mama mkubwa. Hawasemezani mwaka wa tatu huu. Mama anakuja huku kesho kutwa kunichukua, mama mkubwa anaishi kule. Barua mbili tayari nimeandika, kila mmoja anamwomba mwenzake radhi. Watakutana Jumatatu, getini, saa nne kamili.