Saruji kwenye Chesisi

Jumatatu, 9 Juni 2025. Kisaka.

Habari njema! Agustina yuko tayari kurudi nyumbani. Mama yake ametuma ujumbe kutoka Itiryo: nikamchukue mke wangu Jumamosi, naye mama atamsindikiza. Sharti ni moja, niende na gari zima. Eti zima! Agustina aliondoka wiki tatu zilizopita kwa jambo dogo sana. Tulikuwa tunatoka mnadani, sehemu ya nyuma ya pikapu ikaning'inia kidogo, akasema hayuko tayari kufa kwa ubahili wangu. Wengine huuita akili.

Nimepeleka gari Mugumu kwa fundi Imrani. Akaingia uvunguni na nyundo, akagonga chesisi, ule uti wa mgongo wa gari. Penye uzima palitoa mlio. Nyuma ya kiti cha dereva nyundo ikazama. Akatoka na kiganja kimejaa kutu, akanikabidhi kwa heshima zote. Anataka akate pabovu pote, achomelee vyuma vipya pande zote mbili, siku nne. Nikasema nitafikiria. Mafundi wanapenda sana kukata vitu vya watu. Nikarudi nalo nyumbani polepole.

Jumanne, 10 Juni

Nimepata jibu nikiwa nanawa uso. Saruji! Madaraja yanajengwa kwa kitu gani? Chesisi yangu ni boksi la chuma lenye matundu, na kitu chenye matundu huzibwa. Nusu mfuko ulibaki nilipojenga choo, na choo kile hakijawahi kukatika. Nimeshindilia saruji, kokoto na vipande vya nondo mpaka jioni. Jirani yangu Zablon, mwenye pikapu mpya na mdomo mrefu, akasimama kwenye uzio. Akaniita mura, yaani kijana wa Kikurya, akauliza hiyo nyumba unayojenga chini ya gari ina vyumba vingapi? Nikamjibu wivu haujengi. Akacheka mpaka akashika mti.

Alhamisi, 12 Juni

Wanasema saruji huchukua wiki kukomaa vizuri. Yangu nimeipa siku mbili, ijitahidi. Juu nimepaka rangi nyeusi. Inang'aa! Gari limekaa chini kidogo kwa uzito, lakini hata mzee mwenye mali hutembea taratibu. Mpango wa Jumamosi umekamilika: mama mkwe na Agustina wakae mbele, nyuma pabaki patupu. Uzito wote mbele, kutu yote nyuma. Kuna watu wamesomea uhandisi miaka minne na hawajui hili. Nalala mapema.

Jumamosi, 14 Juni

Nimefika Itiryo saa nne asubuhi. Nikawaamkia wazee shikamoo. Agustina akanitazama, akakaribia kutabasamu. Nakiri moyo uliruka. Wiki tatu nimekula ugali wa kuungua, nikiongea na kuku. Kwa furaha hiyo nikakimbia kumfungulia mama mkwe mlango wa mbele.

Wazee wakatazama chini. Shangazi mmoja akaziba mdomo kwa khanga. Kwetu mkwe hamsogelei mama mkwe, na mimi Heche, Mkurya wa kuzaliwa, nimemkaribisha mama mkwe aketi bega kwa bega na mkwe wake! Siku tano nimepima uzito wa kila kokoto, nikasahau kwamba dereva ni mimi. Mama mkwe akageuza uso, akasema kwa upole kwamba atakaa nyuma. Peke yake haifai, kwa hiyo shangazi wawili wakapanda naye. Wote wana afya njema. Ikafuata mikungu sita ya ndizi, gunia la ulezi na kondoo.

Agustina akakaa mbele. Akauliza kama Imrani alifanya kazi nzuri. Nikamwambia chesisi haijawahi kuwa ngumu hivi. Hapo sikudanganya.

Hatukumaliza kilomita mbili. Kwenye shimo la kwanza, paa! Nyuma ikalala chini, mama mkwe, shangazi na kondoo wakateleza taratibu mpaka barabarani, juu ya ndizi. Hakuna aliyeumia, Mungu mkubwa. Mama mkwe alihitaji mkono wa kumwinua. Wa karibu ulikuwa wangu. Kumgusa ni aibu, kumwacha ni aibu. Nikageuza uso, nikamwinua kondoo.

Agustina akaokota kipande cha saruji, akakigeuzageuza. Akasema atarudi siku atakapolala chini ya gari mwenyewe na kuona vyuma vipya kwa macho yake. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Wakarudi kwa miguu, yeye akiwa amemshika mama yake kiunoni, nami nikabaki barabarani na ndizi zilizopondeka.

Jumatatu, 16 Juni

Zablon amelivuta gari kwa kamba mpaka Mugumu. Alisimama mara nne njiani kuwasimulia watu.

Nimenyenyekea. Mbele ya gereji nzima nimekiri kwamba njia za mkato zimenivunjia gari na karibu zinivunjie ndoa. Kuanzia leo ni chuma kitupu na ukweli mtupu. Nikamwambia Imrani akate, achomelee, asiache hata doa la kutu. Machozi yalinilengalenga. Akasema vizuri, pande zote mbili, siku nne.

Nne! Nikazunguka gari mara moja nikitafakari. Agustina hukaa kushoto. Akija kukagua atashukia kushoto na kuchungulia kushoto, hana sababu ya kuzunguka. Nimemwambia Imrani achomelee kushoto tu, kulia apake rangi. Huko nakaa mimi, na mimi sina tabia ya kulalamika.