Bungu Karakanani kwa Bibi Orsola

Jumatatu, 5 Machi 1543, Venisi
Bibi Orsola anataka kibao cha kuchapia nakshi za mizabibu, watawa wazitarizi kwenye kitambaa cha altare. Atakayetangulia kumaliza, jina lake litaingia kwenye kitabu cha nakshi: mimi au Menego, mchongaji mwenzangu. Menego bado anakausha mbao. Mjinga! Mimi nimeokota mlango wa kabati kuukuu, mti wa peasi, mkavu kabisa. Una vitundu. Nimeviziba kwa nta.

Jumatano, 7 Machi
Nilikuwa nachonga jani, unga wa mbao ukamwagika kutoka vitunduni. Nikatega sikio. Kuna kitu kinatafuna. Bungu, wadudu watoboao mbao! Fundi aliyeingiza bungu karakana ya jirani hakuajiriwa tena mji huu. Nimekihamishia kibao kwenye rafu ya marehemu mume wa Bibi, katikati ya vibao alivyochonga mwenyewe. Huko hakuna anayegusa.

Ijumaa, 9 Machi
Nimekiosha kwa siki wafe. Nta yote imetoka. Menego akauliza kama nasindika samaki kwa ajili ya Kwaresima. Nilicheka kupita kiasi.

Jumamosi, 10 Machi
Bibi ameamuru tuchape. Karatasi ikatoka na mizabibu, na vidoa vyeupe kila mahali, kama ndui. Akauliza ni nini. Nikasema ni umande, mtindo wa Dameski.
“Umande,” akarudia taratibu. Akaondoka na karatasi kwenda kwa watawa. Dagaa wangu nimempa paka.

Jumanne, 13 Machi
Nilikuwa nimeshafunga visu vyangu, tayari kukimbia. Bibi akaingia, akasema mama mkuu wa watawa ameupenda umande, anataka kurasa nyingine. Nikapumua. Mapema mno. Akakigonga kibao changu mezani, unga ukamwagika.
“Zaneto, leo nimechoma vibao saba vya mume wangu, vile vilivyolala karibu na hiki. Sikuthubutu kubahatisha.”
Akasema changu atakichemsha bungu wafe, na umande wa kurasa zilizobaki nitauchonga kwa mkono, tone kwa tone. Kitabuni litaingia jina la Menego. Menego hakucheka. Afadhali angecheka.

Alhamisi, 15 Machi
Vidole vimevimba. Matone yangu yanatoka na pembe, kama vigae. Mama mkuu atagundua, Bibi atanifukuza, nitakufa njaa. Bungu wanatoboa duara safi sana!
Jioni nimepita kwa seremala. Ametupa kiti kibovu. Nikakiwekea sikio: wamo, wanachapa kazi. Nimekileta karakanani kwa siri, nikakificha nyuma ya jiko wasipate baridi. Ni wachache tu. Safari hii nitawachunga.