Mvukuto wa Babu Mayige

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Ee Mungu, nimepata! Tulikuwa tunabomoa ghala bovu la babu kule Lagangabilili. Nyundo, koleo, fuawe la jiwe lile la kugongea chuma, na mvukuto wa ngozi ya mbuzi wa kupulizia moto! Vyote vya babu Mayige, aliyefua majembe ya kijiji kizima.

Baba yangu aliuza kila kitu cha ukoo. Sina hata kijiko cha babu. Sasa shangazi Apolonia kasema Jumapili atachagua mjukuu wa kuvitunza, mimi au Machibya, mtoto wa baba mkubwa. Machibya ana kabati la vioo. Mimi nina chumba cha kupanga Bariadi. Ila vimekuja kwangu kwanza, kwa sababu Machibya, bwana mkubwa, aliogopa kuchafua suruali. Shauri yake!

Jumanne, 12 Agosti

Mvukuto umekauka, unalia kakaka. Wazee walilainisha ngozi kwa samli. Nimeupaka samli, nene, nikauanika uani. Machibya angewaza hili? Thubutu!

Jumatano, 13 Agosti

Mbwa.

Kimebaki kipande cha udongo cha mdomo wa mvukuto. Nimelia. Jirani yangu Rhoda kaja kunipa pole, halafu kasema kwa samli ile hata yeye angeula. Nimekwisha.

Alhamisi, 14 Agosti

Sijakwisha! Nimepata ngozi buchani. Nimeishona tumboni kwa uzi wa katani, nikaifukiza moshi hadi ikawa nyeusi. Ya kale kabisa. Harufu, lo! Mwenye nyumba, mzee Josia, kagonga mlango kuuliza nani kafariki.

Ijumaa, 15 Agosti

Machibya kaja kuchungulia. Kafunika pua. Nikamwambia hiyo ndiyo harufu ya historia. Kaondoka anatema mate. Inzi wamebaki.

Jumapili, 17 Agosti

Nasikia aibu mpaka kwenye kucha. Baada ya kanisa shangazi kaupapasa mvukuto, kidole kikasimama kwenye mshono. Kauliza kwa upole: tangu lini ngozi ya mvukuto ikapasuliwa tumbo? Mbuzi wa mvukuto huchunwa mzima kama gunia, pasipo mshono, la sivyo upepo unatoroka. Mtoto wa mhunzi hafundishwi hilo.

Nikasema ukweli. Machibya kacheka hadi kakaa chini. Shangazi hakucheka. Kasema ile ilikuwa pumzi ya baba yake, na imeishia tumboni mwa mbwa. Kisha kafuta machozi kwa kitenge. Ningekuwa na shimo ningeingia.

Nyundo na koleo kampa Machibya. Mimi nikaaga. Akaniita: Ngassa, rudi. Akanipa fuawe. Kasema jiwe mbwa hali, labda hili nitaliweza. Kaushika mkono wangu, kauweka katikati ya jiwe palipobonyea. Kasema hapo ndipo nyundo ya babu ilipotua maisha yake yote, hapo ndipo babu alipo. Nimelibeba hadi kwenye bajaji nikilia kama mtoto. Nina kitu cha babu!

Jumatatu, 18 Agosti

Nimeliangalia fuawe mchana kutwa. Zuri, ila lile bonde la katikati linaliharibu. Machibya akiliona atanisema mjini kote. Nimemwita Salu, fundi wa makaburi. Kesho anakuja na mashine yake alisawazishe, ling'ae. Shangazi akiliona atajuta kwa nini hakunipa vyote.