Kapu Chini ya Cherehani

Jumamosi, 3 Mei

Nisamehe, daftari langu. Mara ya mwisho kukuandikia mwanangu alikuwa ndiyo kwanza ameota jino. Sasa anayo manne, nyumba nzima tunamwita Bwana Meno, na bega langu ni shahidi. Sina udhuru mwingine ila usingizi, na huo nao siupati.

Habari kubwa: mwalimu wetu wa madrasa amenipa jora la kitambaa cha kijani niwashonee magauni wanafunzi wake wa kike. Yakitoka vizuri kufikia Ijumaa, kazi zote za madrasa ni zangu. Yakiharibika, zinakwenda kwa wifi yangu, dada wa mume wangu, mwenye cherehani ya umeme na mdomo wa umeme vilevile.

Na sasa hivi ndipo cherehani yangu imeanza vituko! Inakata uzi. Nashona shubiri moja, pwa! Natunga tena, pwa! Maziwa yakafurika jikoni. Bwana Meno akaanza kukohoa. Yote siku moja.

Alasiri, kwenye darasa la akina mama, mwalimu akatufundisha kwamba dhambi huondoa baraka. Mtu anaweza kukoseshwa riziki kwa dhambi anayoifanya. Tena baraka haiagi, akasema. Unashtukia tu kazi ni ile ile, jasho ni lile lile, na hakuna kinachokamilika. Nywele zikanisimama. Nyumbani kwangu kuna mtu anafanya dhambi! Nitamsaka mpaka nimpate.

Nimemlaza Bwana Meno kwenye kijigodoro nilichomshonea kwa vipande vya vitambaa vya wateja, vile vinavyobaki baada ya kukata. Huwa navitupia kapuni, chini ya cherehani. Kapu limejaa, alhamdulillahi. Angalau hiyo baraka bado ipo.

Jumapili, 4 Mei

Mshukiwa wa kwanza: mume wangu. Fundi bomba, mpole, ndiyo maana namshuku. Nikamwandalia chai, nikakaa karibu, nikamuuliza taratibu kama kuna kitu kinamlemea moyoni. Akainamisha kichwa. Roho ikaniruka: kaoa mke wa pili!

Kumbe biskuti za mtoto. Kila nilipouliza zinakwenda wapi alimsingizia panya, na panya ni yeye. Nikamwambia atubu hapo hapo. Akasema astaghfirullah, na chembe bado ziko ndevuni. Nilijaribu kukasirika, nikashindwa. Nikamfuta ndevu.

Nikakimbilia cherehani. Pwa!

Basi si biskuti.

Jumanne, 6 Mei

Mshukiwa wa pili: mama mkwe, tunayeishi naye. Kila asubuhi huongea na dada yake kwenye simu na pazia la chumba chake ameliteremsha. Nani anateremsha pazia ili awasifu watu? Huko kuna kusengenya!

Nikamfunga Bwana Meno mgongoni, nikajibanza nyuma ya pazia. Nikasikia anamwambia dada yake kwamba mkamwana wake ana mikono mizuri, ana heshima, na hajapata kumwona mtu anayemlea mtoto kwa upendo namna ile. Machozi yakanilenga. Kisha akaongeza kwamba kasoro yangu ni moja tu, masikio, na kwamba hata wakati ule nilikuwa nyuma ya pazia, vidole vya miguu vyote nje.

Bwana Meno akacheka. Msaliti mkubwa!

Uzi: pwa.

Alhamisi, 8 Mei

Kesho ndiyo Ijumaa, na nusu ya magauni hayana mikono. Mshukiwa amebaki mmoja, na kwa kweli nilimjua tangu mwanzo. Wifi! Husuda tupu!

Akaja mwenyewe, eti kusalimia. Nikasoma Falaq, sura ya kujikinga na hasidi, kwa sauti, nimemkazia macho. Akaitikia amina, akauliza mbona cherehani yangu inalia kama mbuzi. Kabla sijamzuia akaigeuza, akachomoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, akaingiza kibano. Likatoka donge la nyuzi. Nyekundu kidogo, buluu kidogo, na za dhahabu tele, ndefu, zimejiviringisha kila pahala.

Akazitazama. Akamtazama Bwana Meno, aliyekaa sakafuni na kofia yake mpya ya dhahabu. Akauliza, hicho si kitambaa cha gauni lake la harusi, nililomshonea mimi? Kile nilichomwapia kwamba kimeisha chote, hata cha kufutia pua hakikubaki?

Nikasema vinafanana. Akasema ndiyo, wifi yangu, vinafanana kama mtu na kivuli chake.

Kofia ile niliishona wiki iliyopita. Kitambaa chake kinamwaga nyuzi. Ndizo zilizoiziba cherehani.

Mama mkwe akatoka chumbani (na masikio yake je, hayana kasoro?) akasema kusema astaghfirullah hakutoshi kwa kitu cha mtu. Haki ya mtu unamrudishia mwenyewe, au akuhalalishie. Akaburuta kapu, akanikabidhi. Zunguka nalo, mwanangu, akasema. Sauti ilikuwa ya upole, lakini mkono uliniashiria mlango.

Ijumaa, 9 Mei

Nimezunguka na kapu asubuhi yote, Bwana Meno mgongoni, aibu imenijaa mpaka kwenye visigino. Muuza maziwa alicheka, akasema vile vya pazia lake nibaki navyo, yeye atavifanyia nini? Jirani yangu muuguzi alikuta vyake vimeshakuwa bibu ya shingoni ya Bwana Meno, inanuka maziwa yaliyochacha. Akaishika kwa vidole viwili, akasema amenihalalishia, amenihalalishia, nichukue haraka!

Kwa wifi ndiko nilikotetemeka. Neno lake moja tu kwa mwalimu, na kazi imekwenda. Nikampa kofia. Akaigeuza, akaigeuza tena. Kisha akamvisha Bwana Meno, akasema imempendeza mtoto kuliko gauni lilivyompendeza yeye, maana lile lilimbana. Bwana Meno akamng'ata kwa shukrani. Halafu, sikuamini, akanifuata nyumbani tukashona mikono pamoja. Cherehani ikaenda kama siyo ile!

Mwalimu akayapindua magauni nje ndani, akavuta mishono, akatabasamu. Kazi ni yangu! Nikamweleza habari ya kapu, machozi kidogo. Akanihalalishia vipande vya kijani vyote. Safari ijayo, akasema, niulize kwanza.

Jumapili, 11 Mei

Nimelala! Kikohozi cha mtoto kimekwisha. Mume wangu amenunua biskuti pakiti mbili, moja yake, na ameiandika jina. Baraka imerudi, naiona kwa macho.

Nimelitafakari sana somo hili. Watu wana roho nzuri ajabu! Nilijichosha bure kuficha, kumbe ukimpelekea mtu machozi kidogo na mtoto mwenye kofia, anahalalisha mwenyewe.

Leo mwalimu ameleta jora jingine, jeupe. Alisema niulize kwanza, nami nitauliza. Nimetangulia tu kukata, tena kwa kubana, ili kibaki kipande cha maana. Huwezi kumsumbua mtu mzima kwa kipande cha ukubwa wa kiganja! Kimebaki cha suruali mbili za Bwana Meno na foronya moja. Mama mkwe anauliza nacheka nini peke yangu.

Kesho nampigia dada yangu anitumie: mafuta ya cherehani chupa moja, sindano nyembamba, uzi mweupe, kibano kama cha wifi, lastiki ya suruali za mtoto. Na kapu.

Kubwa kuliko hili.